Mguu wa Tatu wa Plagi

Leo mtu asinisalimie.

Hii kompyuta nimeiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Lakini nikivaa hedifoni ni mngurumo tu, nnnnnn. Nikisongesha mausi, inalia zaidi. Wiki mbili nafungua na kufunga!

Nikaamua ni Mutiso, fundi aliyeniuzia vipuri. Jana nilienda dukani kwake hapa Machakos nikamwita mwizi mbele ya wateja. Nilipayuka hadi majirani wa duka wakatoka kuangalia.

Leo asubuhi Mutiso akaja nyumbani. Hakuna hodi, hakuna habari. Akagusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa mkono na stima ikamrusha. Akachomoa plagi, akaniinulia hapa usoni.

Ule mguu wa tatu, wa kupeleka stima ardhini, ulikuwa umekatwa kwa msumeno. Kumbe ule mngurumo wote ulitoka hapo.

"Nani alikata?" Mutiso akauliza.

Baba yangu alikuwa ameketi hapo, anakunywa chai. Hata hakuinua macho.

"Ni mimi. Ilikataa kuingia kwa ekstensheni ya matundu mawili. Hata ya friji nilikata, na haijawahi kulalamika."

Mwalimu mstaafu huyo!

Mnacheka? Chekeni. Mwenye mzee kama huyu aandike hapo chini, tulie pamoja.

Mutiso akasimama mlangoni, amekunja mikono.

"Haya. Yale maneno uliniambia jana mbele ya watu, sasa mwambie mwenye makosa, huyu mzee wako. Na sauti iwe ile ile."

Ndipo mzee akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Maneno gani?"