Ningu Yenye Uzi Mgongoni

Mimi nauza ningu, ile samaki ya mto. Nanunua kwa vijana wa kutega huko mto Nzoia, napeleka Bungoma, siku zingine Kitale. Na hii maneno bado inanichoma, wacha niseme.

Kulikuwa na msichana wa chuo kikuu anafanya utafiti ya samaki. Walikuwa wanashika ningu, wanaidunga kauzi ka plastiki, manjano, kwa mgongo, wanairudisha kwa maji. Akatuambia sisi wamama wa soko, "Mkipata yenye uzi, mniletee hiyo uzi. Zikirudi nyingi nitajua samaki inavuliwa sana, tuombe mto ipumzishwe wakati wa mvua, ndio itage." Si rahisi? Hata mimi niliyeachia darasa la pili nilishika.

Sasa wateja wa Kitale wakaogopa. Ati hiyo samaki imewekwa dawa. Bibi ya shemeji yangu, tunauza meza moja, akawa anang'oa uzi na meno kabla mteja afike. Nikamwambia apelekee msichana. "Aende huko," akasema, "kwani mimi ni tarishi yake?"

Siku ya baraza kwa chifu, msichana akasimama. Akasema uzi zimerudi kidogo sana, kwa hivyo samaki bado ni wengi, tuendelee kuvua. Watu wakapiga makofi! Makofi, bana! Na mimi siku hizo naletewa ningu kama kidole, beseni haijai. Kugeuka hivi, bibi ya shemeji ameketi na karatasi ya visamaki vya omena kwa mapaja, ameifunga na uzi ya manjano.

Nikainyakua. Omena ikamwagika yote.

"Wee mama, uko na wazimu?"

"Niko nayo! Msichana, kuja uone samaki yako! Nyumbani kwa huyu chumvi imefungwa na uzi yako, majani imefungwa na uzi yako, hata kuku iko nayo mguu!"

Watu walicheka mpaka chifu akainama. Msichana hakucheka. Wamama wengine pole pole wakaanza kufungua leso, uzi zikatoka. Akaenda kuhesabu upya, na mvua hii mto ikafungwa.

Sasa nauza ndizi mpaka mto ifunguliwe. Bibi ya shemeji pia, lakini alihamia meza ingine. Hanisalimii. Akiona mteja kwangu anapiga kelele, "Muulizeni huyo nyanya samaki yenu iko wapi!"

Namjibu soko yote isikie, "Iko mtoni, inazaa!"