Solo ndefu ya Mwende

Jumamosi, asubuhi ya manyunyu.

Leo nimeumbuka mbele ya bendi ya jazi ya watoto ninayosaidia kuisimamia, hapa mtaani Jamhuri.

Mwalimu Musyoka alituletea wimbo wa bluzi, akasema ni rahisi.

Rahisi? Sikuamini. Niliukagua ukurasa kwa ukurasa. Solo ndefu kuliko zote, ile sehemu ya kupiga peke yako, ni ya tarumbeta, na mpiga tarumbeta wetu ni Mwende, binti yake!

Nikamuuliza waziwazi: "Mwalimu, hapa si unampendelea mtoto wako?"

Akashusha sauti. "Dada, Mwende anajua noti tatu tu. Nimetafuta wiki nzima solo ya noti tatu."

Kumbe Mwende alikuwa nyuma yetu.

"Baba, sasa ni nne," akasema, akazipiga zote.

Niambieni, nianze kumwomba nani msamaha?