Kikwembe cha Kufungia Tumbo

Mtoto wangu wa nne alizaliwa hapa Bunia miezi michache baada ya kumzika mama, na kwa mara ya kwanza nilijifunga tumbo mwenyewe. Huku kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, kisha hufungwa kikwembe, yaani kitenge, ili tumbo lirudi mahali pake. Mara tatu za kwanza kazi hiyo aliifanya mama. Mimi nililala tu mkekani, macho nimefumba, nikilalamika kwamba maji yanachoma. Sikuwahi kuitazama mikono yake. Nilidhani itakuwepo siku zote.

Basi nikajifunga nilivyojua, yaani kwa hasira. Nilikivuta kikwembe hadi nikaona nyota, nikapiga fundo juu ya kitovu. Miezi miwili baadaye mgongo uliniuma, nikikohoa mkojo ulinitoka, na kila nilipoinuka kitandani katikati ya tumbo palisimama tuta kama la viazi. Mimi nauza maharage sokoni, na asiyeweza kuinua gunia hana kazi pale. Niliogopa kweli.

Kwenye kituo cha afya kuna mama anayenyoosha viungo na misuli, tunamwita kine. Alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa, akazamisha vidole juu ya kitovu changu.

“Mama, apa misuli mbili zimeachana,” alisema. “Zinatoka ku mbavu, zinashuka mpaka ku mufupa wa chini. Katikati iko kamba yenye kuziunga. Mimba iliivuta.”

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu ulishapitisha vidole vitatu.

Akanieleza kwamba ubavuni kuna misuli ya mshazari, ile inayotugeuza kiuno, na chini ya yote umo mmoja mpana unaozunguka kutoka mgongoni hadi mbele. Huo ndio unaoshika matumbo na kuusaidia mgongo tunapobeba mzigo.

“Mungu alishakufunga kikwembe ya ndani,” alinitania. “Weye unakaza ya inje, tena juu sana, inasukuma vyote chini.”

Kisha akaweka kiganja chini ya kitovu changu, akapuliza pumzi yake kunionyesha. “Toa mupepo yote. Polepole. Sasa vuta kitovu ndani.”

Nikalia. Alidhani ameniumiza, akaondoa mkono haraka. Lakini maneno yale nilikuwa nayajua. Mama alianza kunifunga chini kabisa, kwenye nyonga, na kila mara kabla ya kuvuta alisema, “Toa mupepo yote, mwana wangu,” halafu anangoja. Nilimwona mzee anayepoteza muda. Siku moja nilimkaripia: “Mama, funga tu, tumalize.” Alingoja pumzi yangu iishe, ndipo akavuta.

Sasa ufa umebaki wa kidole kimoja, na gunia dogo naliinua. Kila asubuhi nalala kwenye mkeka uleule, kikwembe cha mama nimekikunja chini ya kichwa. Natoa pumzi yote, na tumbo linajikaza lenyewe, bila mkono wa mtu. Kine anasema ninaendelea vizuri. Mimi nikishamaliza kuhesabu pumzi zangu hubaki nimelala kidogo, macho nimefumba, nikiyatamani yale maji yaliyokuwa yananichoma.