Mke wangu yuko Maskati, na hina aliyonipaka imebaki ukingoni mwa kucha

Assalaam alaykum wakuu. Hili sikulitia chumvi hata chembe. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshachekwa na walimu wenzangu hadi nimezoea.

Mimi ni mwalimu wa kemia huku Micheweni. Kwetu ni jiwe tupu, na nyayo zangu zilijaa magaga. Ikifika jioni zinawaka moto, kulala shida.

Siku chache kabla hajasafiri kwenda Maskati kufanya kazi za ndani, mke wangu Bi Raya akachuma majani ya mhina wa uani, akayatwanga, akakamulia ndimu, akanipaka nyayo na kucha zote.

"Tulia Baba Nasra, utanichafulia mkeka!"

Kwa wasiojua, kwetu mwanamume hapaki hina ila iwe dawa.

Sasa science kidogo. Jani la mhina lina tanini, flavonoidi, na lawsone, ambayo ndiyo rangi yenyewe. Ndimu husaidia kuitoa kwenye jani, kisha inashikana na keratini ya ngozi na kucha. Ngozi hujichubua, rangi ikaondoka. Kucha haijichubui. Inakua tu, rangi inasogea mbele, na kila ukikata unaipunguza.

Basi magaga yakapona kabisa, mke akaenda zake.

Rangi ya nyayo ikaisha. Ya kucha ndogo ikaisha. Sasa imebaki ya kidole gumba cha mguu wa kulia, ukingo mwembamba tu. Kila Ijumaa nakata kucha zote, hiyo nairuka.

Mtasema si nipake tena? Kwa dawa ya nini, na nimeshapona! Na hata ningekuwa naumwa, mkono wa kunipaka uko wapi? Wallahi nimemkumbuka yule mwanamke. Mpaka leo nalala upande wangu wa kitanda, ule wake siugusi.

Juzi kwenye video call akataka auone mguu. Nikamwonyesha.

"Kata hiyo kucha, utajikwaa. Nikija nitakupaka nyengine."

Nikamwambia haya, nionyeshe na wewe, maana ile hina iliyobaki alijipaka yeye. Akakata simu.

Baadaye ikaingia picha, haina neno hata moja. Kidole gumba cha mguu wake, kucha imerefuka, ukingoni mstari mwekundu.

Nilichojifunza wakuu, kupona nako kuna hasara yake. Mlioachwa nyumbani na wenza waliosafiri, njooni mseme mnaishije. Ila atakayekuja kuniambia nikate, aanze kumwambia Bi Raya.