Sigara za Nyabate

Nyabate amefagia barabara kuu ya Kericho kwa miaka kumi na saba, akipuliziwa moshi na kila lori linaloelekea Kisumu. Kikohozi kilipokataa kuisha, daktari alitazama picha ya mapafu yake akamuuliza, "Mama, unavuta paketi ngapi kwa siku?"

Hajawahi kushika sigara. Kanisani kwao hata chai hainywewi, japo wamezungukwa na mashamba yake. Lakini swali la daktari lilifika kanisani kabla ya Nyabate.

Jumamosi baada ya ibada, Mzee Ombui wa kanisa alikuja nyumbani kwake kumwombea aache sigara. Pikapu yake ya dizeli aliiacha ikinguruma mlangoni, maana ikizimwa haiwaki tena. Moshi mweusi ukajaa nyumba nzima. Nyabate akakohoa.

"Unaona sasa?" mzee akasema kwa huzuni. "Tupige magoti."