Chuo cha Basi Moja

Nilipomaliza kidato cha nne, wasichana wenzangu pale kijijini Dutwa, Usukumani, walitaka kusomea kompyuta. Ualimu, uliokuwa heshima kubwa enzi za dada yangu, tuliuona umepitwa na wakati. Vyuo binafsi vilikuwa vimeanza kufunguliwa Mwanza na Dar es Salaam, na mimi nilitaka cha Dar.

Baba hakukataa. Mama, aliyekuwa akichambua pamba, ndiye aliyeuliza, akiniita kwa neno letu la Kisukuma la kumbembeleza binti, “Mayu, nikitaka kukuona nitapanda mabasi mangapi?”

“Mawili au matatu, mama. Na utalala njiani.”

“Na Mwanza?”

“Moja tu.”

Akarudi kwenye pamba yake. Nikachagua Mwanza, huku nimenuna.

Mwezi wangu wa pili chuoni, mama alikuja na mfuko wa michembe, viazi vyetu vya kukausha. Mwalimu alimruhusu aingie darasani, nikamwandikia jina lake kwenye kompyuta kwa herufi kubwa. Alilitazama, akacheka.

“Andika na la baba yako, asije akaona wivu.”

Jioni wenzangu wa bweni waliimaliza michembe yote, wakaniuliza mama atakuja tena lini. Siku hiyo sikuitamani Dar hata kidogo.