Mlango Iko Wapi

Deki yetu ilikuwa na mlio wake. Ukiingiza mkanda wa video ilinguruma kidogo, ikasita kana kwamba inafikiria, halafu ikaumeza kwa kishindo. Baada ya hapo ilianza kutoa harufu ya vumbi linaloungua, kwa sababu ilikaa karibu mno na hita ya sebuleni na hakuna aliyejishughulisha kuihamisha. Harufu hiyo, ikichanganyika na ya vitunguu alivyokaanga mama jikoni, ndiyo harufu ya Jumamosi zangu za utotoni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika fleti yetu ya ghorofa ya tatu kule Adelphi, Maryland, nyuma ya University Boulevard. Tulikuwa watatu tu: baba, mama, na mimi Rehema, mtoto wao wa pekee, niliyedekezwa kuliko ilivyostahili.

Mikanda yenyewe baba aliikuta kwenye duka la mitumba, imejazwa katika boksi moja na vikombe vilivyovunjika mikono. Zilikuwa sinema za vichekesho za zamani sana, nyeusi na nyeupe, za wakati ule sinema zilipokuwa ndiyo kwanza zimejifunza kuongea. Waigizaji walipaza sauti kana kwamba hawaamini kuwa wanasikika, na nyuma yao kulikuwa na mkwaruzo usiokoma, kama mtu anayekaanga dagaa nyuma ya pazia. Walikuwa wawili wasioachana, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Baba aliwapa majina yake mwenyewe, Bonge na Kimbaumbau, na utoto wangu wote sikujua wenyewe waliitwaje humo ndani, kwa sababu baba alizima sauti ya televisheni na kuwasemea yeye. Ujanani kwake Morogoro alikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Alisimama kando ya televisheni na maiki, akawageuzia watazamaji Kichina na Kihindi kuwa Kiswahili, ingawa hakujua Kichina wala Kihindi. Huku Marekani aliendesha basi dogo la hoteli, kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha, na siku nzima alisema maneno yale yale machache ya Kiingereza. Nadhani ndiyo maana ikifika Jumamosi hakunyamaza. Bonge alisema kwa sauti nzito ya mwenyekiti wa kikao, Kimbaumbau kwa sauti ya puani ya mtu aliyeamshwa vibaya, na mama alicheka mpaka akazima jiko asije akaunguza.

Tuliyoipenda kuliko zote ni ile waliyopewa kazi ya kubandika karatasi za maua kwenye kuta za chumba cha bibi mmoja tajiri. Walipaka gundi, wakabandika, wakateleza, wakajibandika wenyewe, na mwisho chumba kikapendeza kweli, ila walikuwa wamebandika karatasi mpaka juu ya mlango na sasa hawakujua watokee wapi. Bibi yuko njiani anakuja. Bonge anagonga ukuta huku na huku. Hapo baba alivuta pumzi na kusema kwa upole wa kutisha, "Basi we, basi. Niambie tu, mlango uko wapi?" Zamu yangu ilikuwa kumjibu kama Kimbaumbau, kwa kurudia swali lile lile. Nami kila mara nilirudia, "Mlango iko wapi?" Baba alisimamisha mkanda. "Uko," alisema. "Mlango uko. Milango ndiyo iko." Hakuendelea mpaka niseme sawasawa. Watoto wote wa jengo letu waliotoka nyumba za Waswahili tulikuwa hivyo, tulielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, na tulipobanwa tuseme, neno letu lilikuwa "iko": mtu iko, chakula iko, mimi iko. Baba alikuwa akiniambia, "Lugha siyo supu, mama, ya kutumbukiza kila kitu." Nilinuna, nikasema "uko", na Jumamosi iliyofuata nikasema "iko" tena.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kiharusi kilipompata. Ilikuwa asubuhi ya baridi, anakwangua theluji kwenye kioo cha gari, na mimi nilimwona dirishani akiinama kama mtu anayetafuta funguo. Kazi ya mama ilikuwa kuhudumia wazee, na alipotoka mbio na kumfikia na kuuona mdomo wake alijua kabla ya daktari. Baba alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mkono wa kulia umelala, na maneno yamekwenda. Akili yake ilikuwa palepale. Alielewa habari, alielewa utani, alielewa mama alipolia bafuni na kufungua bomba ili tusisikie. Ila akitaka kusema, lolote alilotaka lilitoka neno moja tu, "basi". Akishukuru chai ni basi. Akiuliza nimefika saa ngapi ni basi, na sauti imepanda mwishoni. Mama alijifunza kuzisoma sauti hizo, naye akamjibu kama watu wanaozungumza kawaida. Mimi sikuweza. Kilichonishinda zaidi ilikuwa salamu. Nilisema "Shikamoo baba" kama kila asubuhi, na nilimwona akiitafuta "marahaba" mdomoni mwake, akiisukuma kwa shingo na macho, halafu ikatoka "basi", naye akageuza uso. Baada ya siku chache nikaanza kupita mlango wa chumba chake kimyakimya na begi langu la shule. Nilijiambia ninamhurumia. Kumbe nilijihurumia mwenyewe.

Mara mbili kwa wiki alikwenda kwa mwalimu wake wa kuongea, mwanamke mpole aliyeitwa Miss Dana, kwenye kliniki moja isiyo mbali na kwetu. Kiingereza cha baba kilikuwa kimepotea zaidi hata ya Kiswahili, kwa hiyo nilikwenda pamoja naye na mama na kukaa katikati kama mkalimani, miguu haifiki sakafuni. Miss Dana alionyesha picha za kikombe, paka, nyumba. Baba alijibu basi, basi, basi. Mwezi wa pili wa mafunzo Miss Dana alimweleza mama, nami nikatafsiri, kwamba kungekuwa na siku ya kumpima, na kama siku hiyo hangeonyesha hata neno moja jipya, mafunzo yangesimama. Nilitafsiri kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndani yangu niliona mlango unafungwa na baba amebaki upande wa pili na neno lake moja. Sikuwaza kitu kingine siku zote zilizobaki. Nilitaka neno. Lolote.

Ndipo nilipoikumbuka mikanda. Kila siku nikitoka shule niliiwasha deki, nikazima sauti, nikakaa miguuni pa kiti chake, na nikaanza kuwasema wote wawili kwa Kiswahili changu kibovu. Nilijua sitamshawishi kwa picha za paka. Ila nilijua hajawahi kuliacha kosa langu likapita. Kwa hiyo tulipofika kwa Bonge na Kimbaumbau wanagonga kuta, nilikosea makusudi. "Mlango iko wapi?" nilisema, nikamtazama. Midomo yake ilijikusanya. Niliona kabisa "uko" imekaa pale, herufi tatu tu, mtoto mchanga angeweza. Nikarudisha mkanda nyuma, nikasema tena, iko, iko, iko. Nilisema kwa kubembeleza, nikasema kwa hasira, na siku moja nikampigia kelele, mimi mtoto, nikampigia kelele baba yangu. Alitoa "basi" moja, ndogo, ya mwisho wa pumzi. Mama alitoka jikoni na kuichomoa deki ukutani. "Usimforce baba yako," alisema. "Hii siyo game." Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba yeye ameshakata tamaa na mimi bado. Hakunipiga, na afadhali angenipiga.

Siku ya kupimwa mama alimvalisha shati lake la Jumapili. Miss Dana alipanga kadi mezani, na kwa wema wake aliongeza moja mpya, picha ya basi dogo jeupe, kwa sababu alikuwa amesoma kwenye faili kazi aliyokuwa akifanya baba. Walipita kikombe, paka, nyumba. Baba alikuwa kimya kuliko siku zote, hata basi hakusema. Miss Dana akaangalia saa. Mimi nikaona mambo yanaisha hivihivi, nikamwinamia baba sikioni na kumwambia, mbele ya watu, kosa letu lile lile: mlango iko wapi. Alinigeukia. Aliuinua mkono wake mzima, akaushika mkono wangu uliokuwa juu ya meza, akaukandamiza, na akasema polepole, kwa sauti iliyo wazi kuliko zote alizowahi kutoa tangu augue, "Basi."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kadi ile ya mwisho, ya basi dogo jeupe. Miss Dana aliruka kitini. Aliniuliza kama ndivyo tunavyoliita gari hili kwa lugha yetu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba iwe hivyo. Nilijua alichosema baba. Mtoto yeyote anayeelewa Kiswahili angejua, kwa namna alivyonishika. Lakini Kiswahili chenyewe kilinisaidia, maana gari hilo kweli tunaliita basi, na hata mama asingeweza kuniita mwongo. Nikasema ndiyo. Miss Dana aliandika kwamba kwa mara ya kwanza neno limekwenda na picha yake, akafuta jicho, akasema tutaendelea miezi miwili zaidi. Nilipomtazama baba niseme tumeshinda, alikuwa ameuondoa mkono wake na kuuweka mapajani, na alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyekufungia nje huku anakuona.

Tukaendelea. Miss Dana alitupa picha za mabasi tukabandike nyumbani: basi la njano la shule, basi jekundu la ghorofa, basi limejaa watoto wanaopunga mikono. Zilijaa kwenye friji. Baba alipelekwa kliniki, akaketi, akafumba mdomo. Nyumbani aliendelea kumwambia mama basi zake, za chai, za mito, za kuuliza, niliwasikia kupitia ukutani wakizungumza. Kwangu hakusema tena. Nilirudi kumwamkia kila asubuhi, shikamoo baba, nikasubiri mlangoni hata ile basi tu, nikachelewa gari la shule kwa kusubiri. Alikuwa akiinua vidole viwili kutoka kwenye blanketi, kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni. Miezi miwili ilipita, faili likafungwa, na neno la pili halikuja. Aliishi miaka minane baada ya hapo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni tulipomzika.

Siku hizi sinema zile zote zimo kwenye simu yangu, zimesafishwa, hazina mkwaruzo. Nimeisikia sauti halisi ya Bonge, na ni ya mtu mwingine kabisa, mstaarabu, mwenye sauti nyembamba, nikaizima katikati. Kiswahili nilikwenda kujifunza darasani ukubwani, pamoja na Wamarekani wenye daftari safi, na sasa nakiandika hivi mnavyokiona na wala sikosei uko na iko. Mwaka jana, tukikunja nguo na mama, nilimwambia hatimaye ukweli wa ile siku ya kupimwa. Hakushangaa. Aliniambia kwamba asubuhi ile baba alimvuta hadi kwenye friji, akamwonyesha kadi ya miadi ya kliniki, akasema basi, mara tatu, naye akamwelewa na wakakubaliana kuwa leo ndiyo mwisho, wapumzike, waishi na hilo neno lao moja. Nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuwaambia pale mezani. Aliendelea kukunja shuka. "Ulishasema wewe," alinijibu.

Nimekaa na jibu hilo mwaka mzima. Yule mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kusamehewa, kila mtu ananiambia hivyo, hakujua mpango wa wazazi wake. Mimi wa leo najua. Najua alichoomba, najua ile ndiyo yangu ilimgharimu nini, najua na mimi ilinigharimu nini. Na bado nikijirudisha kwenye kile kiti, mkono wa baba ukiwa juu ya wangu na mwanamke yule akisubiri na kalamu, nasema ndiyo.